Utampeleka Mtoto Wako Shule Gani?



Mwezi wa tisa ukikaribia, wazazi hutuuliza sisi walimu: «Mtoto wetu ametimiza miaka sita. Tumpeleke katika shule ndogo ya misioni iliyo hapa karibu, ama tumtume mjini?» Swali hilo si la feza tu. Ni swali la roho ya mtoto. Basi, tulitafakari mbele ya Mungu.

Mtoto ni amana ya Mungu

Mungu ndiye aliyeiumba roho ya mtoto. Ninyi mmekabidhiwa kuilinda, na siku moja atawaomba hesabu. Kwa hiyo Eklezya Takatifu hufundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Maaskofu wa dunia nzima, waliokutanika Roma katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, walilitangaza neno hilo waziwazi mwaka 1965. Shule huwasaidia wazazi. Haichukui nafasi yao. Wala mtu asiseme: «Mimi sijabatizwa bado, jambo hili halinihusu.» Tangu siku mtoto alipozaliwa, Mungu amekutwika mzigo huo.

Mkumbukeni Bwana wetu Yezu Kristu. Hakulelewa katika jumba la Herode, bali Nazareti, kijiji kilichodharauliwa na watu. Huko aliwatii Maria na Yosefu, akazidi katika hekima.

Namna ya kuchagua

Lakini angalieni vema. Shule haiwi njema kwa kuwa ni ndogo, wala haiwi ya Kikristu kwa kuwa msalaba umetundikwa ukutani. Baba na mama, nendeni wenyewe mkaone. Je, kengele ikilia, mwalimu amekwisha kufika? Anawajua watoto kwa majina yao? Daftari zao zimesahihishwa? Anawafundisha kwa uvumilivu, ama anawapiga kwa hasira? Saa za masomo zinatumika kwa masomo, ama watoto hutumwa kulima shamba lake? Wasichana wanaheshimiwa, nao wanaendelea mpaka mwaka wa sita? Yule anayefundisha dini, maisha yake yanapatana na maneno yake? Maana mtoto huiga kabla ya kufahamu. Akimwona mwalimu akisali kwa heshima, atajifunza kusali. Akimwona amelewa, atajifunza hayo pia.

Mkikuta mambo mema katika shule ndogo, msiidharau kwa sababu ya paa la majani. Tangu mwaka 2019 serikali yetu ilipoanza kuondoa malipo katika shule za msingi za umma, watoto wengi wa maskini walipata kuingia darasani. Tumshukuru Mungu. Lakini madarasa mengi yalijaa mno, na mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Mahali penye watoto wachache, mwalimu humtambua upesi yule asiyesikia vizuri, yule aliyekuja na njaa, na yule ambaye hakuonekana tangu juzi. Hufanya kama mchungaji anayemtafuta kondoo mmoja.

Maneno ya wenye mashaka

Mmoja atasema: «Shule ndogo haimfikishi mtu mbali.» Mfikirini Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu. Alisoma kwa Mapadri Weupe katika misioni ya Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1917 alipewa upadri, akawa Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kuwa padri.

Mwingine atasema: «Mjini atakaa kwa ndugu yangu.» Vema, lakini chunguza kwanza. Nani atamwamsha asali? Nani atatazama daftari lake jioni? Wako watoto waliotumwa mjini kusoma, wakawa wachota maji na walezi wa watoto wa wengine. Mtoto wa miaka sita anahitaji bado mkono wa baba na mama.

Wa tatu atasema: «Nitamsomesha mvulana, msichana atasaidia nyumbani.» Ndugu yangu, Kristu alikufa kwa ajili ya binti yako pia. Mwenye heri Anuarite, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939, alisoma kwa masista, akawa mtawa. Mwaka 1964, huko Isiro, alikubali kuuawa kuliko kumkosea Mungu. Imani ya namna hiyo hupandwa mapema.

Kazi ya nyumbani

Mkiisha kuchagua, kazi yenu haijaisha. Mtoto akifundishwa asubuhi kumtegemea Mungu, na jioni akafungwa hirizi na baba yake, atamwamini nani? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Salini pamoja naye kabla ya kulala, hata kama mnajua Baba Yetu na Salamu Maria tu. Mwulizeni alichojifunza, nanyi mjifunze kwake bila haya.

Tena shule ndogo hufa upesi ikiachwa peke yake. Walimu wengine hukaa miezi mingi bila mshahara. Basi wazazi wapatane: hawa walete majani ya kuezeka, hawa wafyatue matofali, hawa wamsaidie mwalimu shambani siku ya Jumamosi. Mwalimu asiyelala na njaa hatawaondoa watoto darasani wakamlimie.

Azimio

Kabla ya masomo kufunguliwa, mume na mke waitembelee shule pamoja, wazungumze na mwalimu, kisha waamue kwa sala.

Tuombe: Ee Yezu, uliyewakaribisha watoto wadogo, utupe akili ya kuwachagulia watoto wetu njia njema, na moyo wa kutembea pamoja nao katika njia hiyo, mpaka sisi na wao tuufikie Ubatizo mtakatifu na uzima wa milele. Amina.