Chagueni Stesheni Moja Kabla ya Kufungua Pochi

Vijana wangu mnaoishi huku Uingereza, mlioanza kuhudhuria maonyesho ya treni za mfano na kurudi nyumbani na maboksi mikononi, nawaandikia kwa kuwa nawapenda na naipenda shughuli hii. Naona mnanunua kwa pupa. Leo injini ya mvuke ya Kiingereza, kesho dizeli ya Kijerumani, keshokutwa mabehewa ya Kimarekani; kisha mnalalamika kuwa chumba kimejaa na hakuna treni inayokwenda popote. Ninalo neno moja, na mengine yote yatatoka humo: chagueni kwanza mahali pamoja na wakati mmoja. Stesheni gani, na mwaka gani? Aliyekwisha kujibu maswali hayo mawili anajua anunue nini, auze nini, na awaonyeshe watu nini.

Jueni kwamba biashara hii iliundwa ili mnunuzi arudi tena. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilipeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig treni zenye vipande vya reli vinavyoungwa na kuongezwa, kwa geji, yaani upana wa reli, zilizopangwa. Tangu hapo mwenye treni hajakosa kitu cha kuongeza: kipande kingine, behewa jingine, stesheni nyingine. Hakuna dhambi katika hilo, lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Kinachowalinda ni kujua mapema pale mnapotaka kufika.

Katika kununua, anzeni na vipimo. Skeli iliyozoeleka Uingereza ni OO, ambapo kitu hupunguzwa mara 76. Ulaya bara na Marekani ni HO, mara 87. Zote mbili hupita kwenye reli ya upana wa milimita 16.5, ndiyo maana mgeni hudhani ni kitu kimoja. Ziwekeni pamoja mtaona dereva wa treni moja amekuwa jitu mbele ya mwenzake. N ni ndogo zaidi, reli yake ni milimita 9, nayo inawafaa mliopanga chumba kimoja. Halafu angalieni umeme. Injini za Märklin za HO huchukua umeme katikati ya reli na magurudumu yake hayakutengwa kwa kihami. Ukiiweka moja kwenye reli za kawaida, itapiga shoti. Na boksi likisema injini iko tayari kwa DCC, ule mfumo wa kidijitali ambao kila injini huitwa kwa namba yake, maana yake mara nyingi ni kwamba ina tundu la chipu tu. Chipu yenyewe mtainunua kando.

Msione haya kununua mtumba. Injini nzuri za mkono wa pili ni nyingi, na zimewawezesha wengi wasio na fedha kuingia katika fani hii. Ila ishikeni kabla ya kulipa. Igeuzeni mtazame magurudumu, hesabuni bafa na ngazi, angalieni kama vishikio vidogo vya pembeni vimekatika. Ombeni iwekwe relini, iende mbele na nyuma, polepole sana. Injini yenye afya hutambaa bila kushtuka; yenye ugonjwa hungoja umeme mwingi kisha hukurupuka. Chunguzeni fremu yake pia, hasa kwa injini za kabla ya Vita Kuu ya Pili. Aloi ya zinki iliyochafuka kwa risasi huvimba kwa ndani, ikapasuka na kumeguka hata kama injini haijatoka kabatini miaka yote. Ukiona nyufa au fremu iliyopinda, irudishe mezani kwa adabu. Ugonjwa huo hauna gundi wala dawa.

Wapo watakaowaambia kwamba treni ni akiba na toleo la idadi maalumu litapanda bei. Msiwekeze kodi ya nyumba katika maneno hayo. Bei ya kitu cha kukusanya hushikwa na watu wanaokikumbuka kwa mapenzi, na watu hao huzeeka. Wakifariki, warithi huleta makusanyo yao sokoni kwa wingi, wakati wanunuzi wamepungua. Nunueni injini kwa sababu inastahili kusimama kwenye stesheni yenu. Ikipanda bei, hiyo ni bahati; msiipangie bajeti.

Mkishachagua, mtagundua kwamba nusu ya mlivyonavyo havina nafasi. Viuzeni, na muuze kwa ukweli. Piga picha kila upande, hata upande wenye mkwaruzo. Andika kama boksi ni la asili au limebadilishwa, kama injini imepakwa rangi upya, kama mota imefunguliwa. Usiseme imejaribiwa ikiwa hujaiona ikitembea relini kwa macho yako. Ukituma kwa posta, ifunge kana kwamba boksi litaangushwa, maana huenda likaangushwa. Wanunuzi wa fani hii ni wachache na wanajuana. Aliyemficha mwenzake fremu iliyopasuka atakutana naye tena kwenye ukumbi mwingine, na habari zake zitakuwa zimetangulia.

Ipo siku mtaletewa makusanyo ya marehemu. Mjane atawauliza, wanangu, hivi vina thamani gani? Yeye hajui kama boksi lile la juu ya kabati ni la paundi tano au mia tano, nanyi mnajua. Mwambieni bei ya kweli, hata kama mnakitaka kitu hicho wenyewe. Kama hamuwezi kuifikia, mtafutieni anayeweza. Kumpunja mfiwa ni kula mali ya watu, na hakuna reli nzuri itakayojengwa juu ya fedha hiyo.

Sasa maonyesho. Meza ya reli itakayosafiri ijengwe kwa vipande vinavyoingia kwenye gari lenu na kubebeka na watu wawili. Nyuma ya mandhari wekeni yadi iliyofichika, ambamo treni hupangwa kabla ya kutokea mbele ya watu. Waandaaji watawaletea fomu: urefu na upana wa meza, idadi ya waendeshaji, soketi za umeme mnazohitaji, thamani ya mali kwa ajili ya bima, na gharama za gari na malazi. Jazeni kwa haki, msidai hata senti ambayo hamkuitumia. Vifaa vinavyochomekwa kwenye umeme wa jengo vikaguliwe mapema. Siku yenyewe safisheni reli kabla mlango haujafunguliwa, muwe na injini ya akiba, na msiache stesheni ikae muda mrefu bila kitu kinachotembea. Mtoto akija, mpeni mahali pa kuona. Mtu akiuliza swali, acheni kuzungumza ninyi kwa ninyi mkamjibu.

Na mkiwa wageni katika kumbi hizo, bebeni meza, uzeni tiketi, oshieni watu vikombe. Maonyesho haya huendeshwa na watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa wazee. Yale makubwa ya klabu ya Warley, katika kumbi za NEC Birmingham, yalifanyika mara ya mwisho mwaka 2023. The Model Railway Club ya London imedumu tangu 1910 kwa sababu kila kizazi kilipata watu wa kukipokea kazi. Fani isiyo na vijana wa kuibeba haina kesho.

Mtaniuliza: baba, tuchague stesheni ipi? Sikilizeni habari za Roye England. Alikuwa Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925, akakipenda kijiji cha bonde la White Horse, huko kusini, na kuhuzunika kuona nyumba zake za mapaa ya nyasi zikibadilishwa na kubomolewa. Akaanza kuzitengeneza kwa kadibodi, nyumba moja baada ya nyingine, kwa uvumilivu wa ajabu. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa makumbusho ya Pendon, kijijini Long Wittenham. Alikuwa mgeni, na macho ya mgeni ndiyo yaliyoona kilichokuwa kikipotea.

Nanyi, kule nyumbani Kenya, mna reli inayopotea. Tangu treni ya SGR ianze kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, abiria wa njia hiyo wameiacha reli ya zamani ya mita moja. Juu ya reli hiyo zilipita Garratt za daraja la 59, injini 34 za mvuke zilizojengwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Manchester, zikapakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250. Mbili zimebaki katika makumbusho ya reli Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Geji ya mita moja, ikipunguzwa mara 87, inakaribia sana milimita 12, na reli ya upana huo inauzwa madukani. Kwa hiyo jambo hili linawezekana. Katika ukumbi uliojaa stesheni za vijiji vya Kiingereza, Mazeras au Voi ya mwaka 1960 itawasimamisha watu, nao watauliza, nanyi mtakuwa na la kujibu.

Ila picha za vitabuni hazitoshi. Wapo nyumbani wazee waliofanya kazi relwe: madereva, mafundi, mastesheni masta, wauza machungwa wa madirishani. Wanajua bati la paa lilikuwa rangi gani, tangi la maji lilisimama upande upi, na nani alikaa kwenye benchi lile akingoja treni ya usiku. Hawatatungojea. Kabla hamjanunua hata taruma moja, wapigieni simu, waulizeni, muandike wanayosema.