Kosa Lisilo na Mwenyewe

Kosa la kitabu kilichopigwa chapa lina mwenyewe. Msomaji aweza kumwandikia mtungaji, akamlaumu au akamsamehe. Lakini kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo kila apitaye ana ruhusa ya kuihariri, huleta swali ambalo wazee wetu wa kalamu hawakulazimika kulijibu: kosa lililoandikwa na mtu asiyejulikana, likaonwa na wengi wenye uwezo wa kulifuta nao wakapita, ni la nani?

Swali hili sikuliokota vitabuni. Nililikuta Kilosa, katika nyumba ya watu ambao tangu mababu zao hawajatia nyama ya nguruwe kinywani. Binti yao ana kifafa. Hospitalini waliambiwa kwamba chanzo chake ni tegu wachanga waliojikita katika ubongo. Jirani mmoja mwenye simu akatafuta habari za tegu, akasoma katika kamusi elezo kwamba ugonjwa huo huletwa na kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Hakuongeza neno, haikuwa lazima. Kabla ya Ijumaa mtaa ulikuwa umekwisha kumhukumu mama wa mtoto, ambaye huenda Mikumi kuuza mchele, karibu na mabanda ambamo kitimoto hukaangwa kwa ajili ya wasafiri wa barabara kuu ya Iringa.

Habari ile ilikuwa nusu ya kweli. Alaye nyama isiyoiva yenye vifuko vya tegu humpata tegu wa utumboni, yule mrefu kama utepe. Ugonjwa wa ubongo una njia nyingine. Humpata mtu amezaye mayai ya tegu, nayo mayai hutoka katika choo cha binadamu aliye na tegu tumboni, yakafika kinywani kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji au kwa mboga mbichi. Nguruwe mwenyewe huambukizwa na sisi, kwa kula kinyesi chetu. Basi mtu aweza kuishi miaka 80 bila ya kuionja nyama hiyo na bado akaugua, ikiwa ampikiaye chakula ana tegu. Mwandishi wa makala alitumia neno moja, "minyoo", kwa yai, kwa kifuko na kwa tegu mzima. Vitu vitatu vikapewa jina moja, njia mbili zikawa moja, na mwanamke akawa mwongo machoni pa watu. Hapo mwalimu wa lugha hawezi kusema kwamba jambo hili ni la waganga.

Nilisahihisha usiku ule ule. Asubuhi nikakuta maneno yangu yamefutwa, na mhariri asiye na jina ananiuliza: ushahidi wako uko wapi? Nakiri nilikasirika. Nilidhani shahada yangu ya udaktari yatosha. Nayo, kwa hakika, ni ya mashairi. Mhariri alikuwa na haki. Aliyeandika lile kosa bila shaka alikuwa na yakini kama yangu.

Ushahidi nilioutafuta ulininyima usingizi kwa namna nyingine. Mwaka 1855 daktari Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, alimlisha kwa siri mfungwa aliyehukumiwa kufa vifuko vya tegu, kisha, mtu yule alipokwisha kuuawa, akakuta tegu wachanga katika utumbo wake. Maarifa tunayoyahariri kwa kidole kimoja, tumelala kitandani, yalipatikana katika mwili wa mtu ambaye hakuulizwa. Sikuthubutu tena kuyaandika kwa haraka.

Sahihisho lilipokubaliwa nilirudi Kilosa nikamsomea yule mama, nikitazamia shukrani. Alinyamaza kitambo, akawatazama wanawe, wifi yake, na kijana wa kazi aliyekuwa akimenya mihogo.

"Basi, mwalimu," akasema, "katika sisi, nani anaye?"

Nilikuwa nimemwondolea mama tuhuma nikaigawa kwa nyumba nzima. Nikamwambia kwamba hospitalini hupima choo, tena dawa ipo. Akaniuliza kama wote waweza kwenda siku moja, ili asitangulizwe mtu.