Nuru Mahali pa Msalaba

Tarehe 15 Februari 1944 ndege za Marekani ziliibomoa kwa mabomu nyumba ya watawa ya Monte Cassino nchini Italia, iliyoasisiwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya sita. Hati zake za kale zilikuwa zimekwisha kuhamishiwa Roma. Watu waliokimbilia ndani yake kutafuta himaya hawakuhamishwa, na wengi wao walikufa. Miongoni mwa askari wa anga walioshiriki katika shambulio hilo alikuwamo kijana aitwaye Walter M. Miller. Mwaka 1947 aliingia katika Kanisa Katoliki, na mwaka 1959 ikatoka riwaya yake, A Canticle for Leibowitz, iliyopata tuzo ya Hugo mwaka 1961.

Yafaa kuisoma riwaya hiyo kwa kumbukumbu hiyo. Dunia imeteketea kwa silaha za kinyuklia. Walionusurika wamewaua wenye elimu na kuchoma vitabu. Watawa wa jangwani, wafuasi wa mhandisi Leibowitz aliyeuawa kwa kuficha vitabu, wanahifadhi makaratasi wasiyoyaelewa. Swali lake ni hili: mtu atunzaye elimu ana hatia gani kwa matendo yatakayotendwa kwa elimu hiyo?

Wako wahakiki waonao alama za Kikristo humo kuwa ni mapambo ya hadithi. Rai hiyo ni dhaifu. Itazamwe sehemu ya pili, ambayo jina lake la Kilatini lina maana ya "iwe nuru". Mwaka ni 3174. Mtawa Kornhoer ameunda taa ya umeme, na vijana wa nyumba wanakanyaga mtambo hata jasho liwatoke ili taa iwake. Nuru inapatikana. Lakini taa ilihitaji pahali pa kutundikwa, na pahali palipofaa palikuwa na msalaba. Basi msalaba ukaondolewa. Kornhoer hakukusudia kufuru. Ni fundi mwema aliyetafuta pembe nzuri ya mwanga, na wema wake huo ndio utishao. Mwandishi hailaani taa. Anauliza tu ni kitu gani kilichoteremshwa ili taa ipate nafasi.

Katika sehemu ya tatu, mwaka 3781, silaha ile ya kale imeundwa tena, na watu wanaiita Lucifer, jina ambalo asili yake ni mchukuzi wa nuru. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya Kilatini ili aone hatari iliyomo katika jina hilo. Lugha yake yenyewe humwita mwanga yule mchawi atembeaye usiku, na mwanga ndilo jina la kile kiondoacho giza.

Hata hapo jibu halijatolewa, na pengine Abate Zerchi, mkuu wa nyumba katika siku za mwisho, ndiye sababu ya kuchelewa kwake. Ni mtu wa haki. Anapinga kwa nguvu zote kambi ambamo majeruhi wasio na tumaini husaidiwa kufa, na hasira inamshinda hata akampiga daktari ngumi. Sheria anaijua barabara. Anayemsumbua zaidi ni mwanamke mzee, muuza nyanya, Bibi Grales, mwenye kichwa cha pili begani kisichoamka kamwe, ambacho yeye hukiita Rachel. Anaomba Rachel abatizwe, na makasisi wanasita. Katika maungamo yake anadai kwamba yeye naye anapaswa kumsamehe Mungu kwa jinsi alivyomuumba. Ni neno zito, na teolojia haina haki ya kulipita upesi.

Kombora linapoanguka, abate analaliwa na mawe ya kanisa lake. Bibi Grales anamjia; uso wa kikongwe umesinzia, na Rachel ameamka, mchanga kama aliyezaliwa sasa hivi. Abate, mwaminifu kwa kazi yake hadi mwisho, anajaribu kumbatiza. Rachel anakwepa. Kisha anachukua chombo cha ekaristi, anatoa hostia moja, na kumlisha kasisi.

Aliyekuwa mlinzi wa hazina amegeuka mpokeaji, na mtoaji ni yule ambaye mlango wa kanisa ulisita kumfungukia. Kiumbe huyo hakurithi chochote katika makaratasi ya Leibowitz, wala hakuna kitu alichokiteremsha ili apate nafasi ya kusimama.