Daftari Kabla ya Mkopo

Ndugu zangu katika imani, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu, na leo tumche katika mikopo ya biashara.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu deni: liandikwe, muda wake ujulikane, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Mbona basi sisi tunaliendea deni mikono mitupu? Mtu ameuza mitumba miaka, ukimwuliza jana ameuza kiasi gani, anakisia. Naye yuko njiani kwenda kuomba milioni 3.

Anza na daftari. Miezi kadhaa kabla hujaomba, andika kila jioni kilichoingia, kilichotoka, na ulichochukua kwa matumizi ya nyumbani. Fedha ya duka na ya jikoni zisilale mfuko mmoja. Daftari hilo litakwambia kama marejesho utayamudu, na huenda likakwambia usikope kabisa. Likisema hivyo, lisikilize. Leseni, namba ya mlipakodi, kitambulisho cha taifa na barua ya serikali ya mtaa ni vya kufuatilia tu. Hesabu ya kweli lazima uiishi.

Kisha tazama unakokwenda. Riba tumekatazwa, na mikopo ya kausha damu imewatoa akina mama vitanda na majiko. Milango ya halali ipo. Hapa Tanzania halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mkopo huo hauna riba. Zipo pia benki zinazofuata sharia, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011. Katika murabaha, benki inanunua cherehani, inaimiliki, kisha inakuuzia kwa bei na faida iliyotajwa wazi, nawe unalipa kidogo kidogo.

Na hapa pana jambo linaloniuma. Wapo wanaopatana na mwenye duka awaandikie profoma ya cherehani isiyokuwepo, fedha ikitoka wanagawana. Hiyo ni riba iliyovishwa kanzu, na uongo juu yake.

Mtume wetu (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni bila kuacha cha kulilipia, asimswalie mpaka sahaba Abu Qatada alipolibeba deni lile. Kwa hiyo unayemwomba akudhamini, mwonyeshe hesabu zako kwanza. Mkeo au mumeo naye ajue unadaiwa nini na nani, kwa maandishi, maana mauti hayasubiri rejesho la mwisho.

Wenye nia ya kukopa, nunueni daftari leo mkitoka hapa, na mstari wa kwanza uwe mauzo ya leo. Allah atukinge na uzito wa deni. Wabillahi tawfiq.