Je, Haki Isiyotangazwa ni Haki?

Ndugu msomaji, liko swali ambalo wenye hekima wamelijadili tangu zamani, nasi twaweza kuliuliza hapa Nzega bila kuhitaji vitabu vingi: Je, mtu anayo haki asiyoijua? Mwanasheria atajibu upesi kwamba anayo, maana imeandikwa. Ataongeza kuwa kutojua sheria si udhuru mbele ya hakimu. Lakini neno hilo la pili lahusu wajibu, wala halihusu haki. Asiyejua wajibu wake hukamatwa, akaujua siku hiyo hiyo. Asiyejua haki yake hakamatwi na mtu. Hukaa nyumbani kwao akipepeta mpunga, na hapana askari ajaye kumkumbusha.

Nakusudia kusema habari za binti wa shule apataye mimba. Wako watakaochukia kuiona habari hii katika kurasa hizi. Nawaomba wasome kwanza, wachukie baadaye.

Kwa miaka mingi nchini Tanzania binti aliyeonekana mjamzito aliondolewa shuleni, na watu wote waliamini kwamba sheria ndiyo iliyoamuru hivyo. Basi tuitazame sheria yenyewe. Kanuni za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zilisema kwamba mwanafunzi aweza kufukuzwa akitenda kosa dhidi ya maadili, au akiingia katika ndoa. Neno mimba halikutajwa miongoni mwa sababu hizo. Walimu wakuu ndio waliosoma “kosa dhidi ya maadili” wakaelewa “mimba”. Tena kanuni ilisema “aweza kufukuzwa”, nao wakasoma “lazima afukuzwe”. Kisha, tarehe 22 Juni 2017, Rais John Magufuli alitangaza huko Chalinze, mkoani Pwani, kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni. Tangazo hilo lilisikika nchi nzima. Lilikuwa katika redio, lilikuwa sokoni, lilikuwa katika mikutano ya wazazi. Hata bibi asiyejua kusoma aliweza kumweleza mjukuu wake.

Rais huyo alifariki Machi 2021. Tarehe 24 Novemba mwaka huo huo Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, pamoja na waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021. Naam, magazeti yaliandika. Lakini waraka ni karatasi inayotumwa ofisini, na karatasi ya ofisini hukaa ndani ya faili. Katazo lilikuwa limeenda kwa sauti kubwa mpaka vitongojini. Ruhusa ilienda kwa barua.

Wazee wa nchi hii ya Unyamwezi, ambao mababu zao walibeba mizigo kati ya Tabora na pwani, wanajua kazi ya kirangozi, kiongozi wa msafara. Alipofika panda ya njia aliweka matawi juu ya njia isiyofaa, ili walio nyuma wasipotee. Hapakuhitajika maneno. Basi fikiri, ewe msomaji, kwamba njia ile iliyofungwa imekuja kufunguliwa, lakini hakuna aliyerudi kuondoa matawi. Je, msafara unaofuata utaipita? Hautaipita, na hatuwezi kuwalaumu wapagazi.

Sasa tuje kwenye adili yenyewe. Mpinzani aweza kusema: “Huyu ametenda dhambi; kumrudisha darasani ni kuihalalisha dhambi.” Hoja hii ina uzito, wala sipendi kuidharau, maana waisemao wengi wao ni wazazi wema. Lakini yafaa tumwulize: adhabu hii ni ya tendo, au ni ya alama ya tendo? Kama ni ya tendo, watenda ni wawili. Uislamu ulipokataza zinaa uliwataja mwanamume na mwanamke pamoja, na adhabu ukaifanya moja kwa wote wawili, tena ukataka mashahidi wanne. Haukusema aadhibiwe yule ambaye mwili wake umeonyesha. Shuleni mambo yamekuwa kinyume chake. Mvulana wa darasa lile lile ameendelea kukaa kwenye dawati lake, akafanya mtihani, akaitwa kijana mwenye bidii. Wasichana wamepangwa mstari wakapimwa mikojo au kubonyezwa matumbo. Wavulana hawakupimwa chochote, kwa kuwa hapana kipimo chao. Adhabu inayomfuata yule tu ambaye maumbile yamemfanya aonekane, hiyo ni adhabu ya kuwa mwanamke.

Isitoshe, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 yamhesabu mtu mzima aliyelala na binti wa chini ya miaka 18 asiye mkewe kuwa amebaka, hata binti akisema alikubali. Basi mtoto yule yule ambaye mahakamani ndiye aliyedhulumiwa, shuleni alikuwa ndiye mkosaji. Sijapata kumwona aliyeweza kuyapatanisha mambo haya mawili.

Wako wasemao pia kwamba wenzake watamwiga. Huu ni woga wa mtu asiyemtazama binti mwenyewe. Msichana anayeamka usiku kunyonyesha, kisha asubuhi akaingia hesabu akiwa na usingizi, huku maziwa yakilowesha sare yake, ni somo gani la kuvutia? Wenzake wakijifunza kitu kwake watajifunza kuogopa.

Ama kuhusu haki zilizoandikwa, ni nyingi kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Ibara ya 13 ya Katiba yakataza ubaguzi, na mwaka 2000 neno “jinsia” liliongezwa humo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yakataza kumbagua mtoto. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na tangu hapo anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au anayempa mimba, aweza kufungwa miaka 30. Septemba 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi juu ya Tanzania, ikaona kwamba kuwapima wasichana mimba kwa lazima na kuwafukuza kulivunja haki zao.

Hiyo miaka 30, mimi naiona ina upande wake mgumu. Adhabu ikiwa kubwa sana, jamaa huogopa kuitamka. Mzee wa upande huu huja kwa mzee wa upande ule. Huzungumzwa ng'ombe, huzungumzwa heshima na undugu. Binti haulizwi, na neno hukomea nyumbani. Zizi limeongezeka, masomo yamekwisha. Mzazi anayekubali hivyo huenda hajui kwamba alikuwa na chaguo jingine. Akijua, akakubali, hiyo ni dhuluma nyingine, nayo ina hesabu yake.

Basi ni nani mwenye wajibu wa kumjulisha? Nasema: kila aliyelipeleka katazo ndiye anayedaiwa kupeleka ruhusa. Mwalimu mkuu aliyesimama mbele ya wazazi mwaka 2017 akasema “serikali imekataza”, hajamaliza kazi yake mpaka asimame mahali pale pale, kwa sauti ile ile, aseme kwamba serikali imeruhusu. Mwenyekiti wa kitongoji kadhalika, na shehe, na padri. Aliyenyamaza hajasema uongo, ni kweli. Lakini anajua kwamba jirani yake anaishi juu ya habari iliyokwisha kufa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemletea.

Mzazi wa Nzega, au wa Bukene, au wa Puge, asiende shuleni kuomba huruma. Aende akautaje Waraka Na. 2 wa mwaka 2021 kwa jina lake na namba yake, na aulize tarehe ya binti kuanza. Akikataliwa, aombe jibu kwa maandishi, aende kwa afisa elimu wa kata, kisha wilayani. Aongozane na binti, ili naye asikie kwa masikio yake yanayosemwa juu yake.

Linabaki swali la mtoto mchanga: nani atakaa naye saa za masomo? Waraka haukai na mtoto. Katika nyumba nyingi atakuwa bibi yake, ambaye ana shamba la kupalilia, na ambaye huenda yeye mwenyewe aliachishwa shule zamani. Na babu je? Na baba wa mtoto, ambaye anatoka darasani saa nane mchana na mikono mitupu?