Nasaha kwa Wanaongoja Majibu ya Usaili

Wajukuu zangu mliomaliza darasa la saba, najua msimu huu ulivyo. Mtihani wa taifa mmeumaliza Septemba, na wazazi tayari wameshaanza kuzunguka na fomu za shule za bweni: seminari hii, shule ya masista ile, shule ya mtu binafsi kule Kilimanjaro au Mwanza. Jumamosi asubuhi mnavaa sare iliyopigwa pasi, mnabeba kalamu mbili na rula, mnakwenda kufanya usaili wa Hisabati, Kiingereza na maarifa ya jumla. Kisha majibu yanatoka: Hisabati 38, Kiingereza 29. Usiku usingizi hauji. Mmoja anakataa chakula, mwingine anaficha karatasi chini ya godoro.

Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kibaraza changu hapa Morogoro hakikosi mtoto mwenye karatasi ya namna hiyo mkononi. Neno langu kwenu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: maksi ndogo za usaili someni zinawaambia nini. Mtoto anayezisoma hujua pa kuanzia. Anayezikimbia, hofu humfanyisha mambo yatakayomgharimu kuliko maksi zenyewe.

Kwanza ondoeni mzigo ambao si wenu. Usaili wa shule binafsi hauingii popote katika matokeo yenu ya darasa la saba. Baraza la Mitihani linawapima kwa masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300, na ofisi ya serikali ya TAMISEMI inawapangia shule ya serikali kwa matokeo hayo. Ukikosa nafasi seminari, nafasi yako ya serikali haijaguswa. Nawaambieni hili kwa sababu nimeona watoto wakilia kana kwamba karatasi ya Jumamosi moja imefuta miaka yao yote ya shule.

Sasa tuje kwenye kuzisoma hizo maksi. Niliketi na binti mmoja tukaipitia karatasi yake ya Hisabati. Swali lilitaka mzingo wa shamba la mstatili, urefu mita 40, upana mita 25. Yeye alikuwa ameandika 1,000, na alama nyekundu ya kosa imepita juu yake. Nikamuuliza swali lilelile kwa Kiswahili. Akanijibu mita 130 hata kabla sijashika kalamu. Mtoto huyu miaka saba amesoma kwa Kiswahili katika shule ya serikali. Mtihani ukamjia kwa Kiingereza. Aliona namba mbili, akakisia kwamba anatakiwa kuzidisha, akatoa eneo badala ya mzingo. Hesabu aliijua. Alichokosa ni kuelewa ameulizwa nini. Tulipoimaliza karatasi nzima tukakuta makosa mengi ni ya namna hiyo. Machache yalikuwa ya kugawanya sehemu kwa sehemu, na hayo kweli hakuyajua kwa lugha yoyote.

Mnaona alivyotoka kibarazani na kazi inayoeleweka? Alihitaji daftari la maneno ya Hisabati kwa Kiingereza, maswali ya kuyazoea maneno hayo, na siku chache za kurudia mada ya sehemu. Angebaki na ile 38 peke yake, angejiambia kwamba Hisabati haiwezi. Na maneno hayo mtoto akiyashika darasa la saba, huingia nayo kidato cha kwanza, akayabeba hadi cha nne bila mtu kumwuliza ameyatoa wapi.

Basi majibu yakitoka, ombeni kuiona karatasi. Zipo shule ambazo hazitoi. Hapo keti siku ileile ya usaili, kabla hujasahau, uandike maswali yote unayoyakumbuka. Kisha yagawe makosa mafungu matatu. Fungu la kwanza, swali sikulielewa. Dawa yake ni lugha: soma Kiingereza kila siku, ukurasa mmoja mmoja, kwa sauti, na maneno magumu yaandike pamoja na mfano wake. Fungu la pili, mada sikufundishwa. Hapa usione haya. Madarasa yetu mengi yamejaa watoto, mwalimu ni mmoja, na mada za mwisho wa kitabu mara nyingi hazifikiwi. Lawama si yako, lakini pengo ni lako kuliziba, kwa hiyo mfuate mwalimu au kaka aliyetangulia umwombe akuelekeze. Fungu la tatu, nilijua nikateleza. Hilo hutibiwa kwa kufanya mitihani iliyopita huku unaangalia saa, na kuacha dakika za mwisho za kuhakiki. Ukishayagawa hivyo, huna tena jambo moja kubwa la kutisha. Una orodha ya kazi, na kazi ina mwisho.

Baada ya hayo, nina maonyo. Nayatoa kwa uzito, kwa sababu nimeyaona madhara yake.

La kwanza: msiwafiche wazazi. Mficha uchi hazai. Baba anayejua kwamba umepata 29 ya Kiingereza anaweza kukutafutia masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza, au akakuazimia kitabu kwa jirani. Baba aliyedanganywa kwamba majibu bado hayajatoka atakaa akingoja, huku Oktoba na Novemba zinayoyoma. Ukimwambia ukweli atakasirika, ndiyo, pengine na maneno makali yatamtoka. Fomu ameilipia, nauli ameilipia, na usiku anapiga hesabu ya ada. Mwache aseme. Kisha umwoneshe yale mafungu matatu na umwambie unachotaka kufanya. Mzazi akiona mtoto ana mpango, hasira hupoa haraka.

La pili: msinunue mtihani wala nafasi. Siku hizi kuna watu wanapiga simu, au wanatuma ujumbe, wakidai wana maswali ya usaili, au wanamjua mkubwa fulani shuleni, na kwamba jina lako litaingizwa ukituma pesa kwenye namba yao ya simu. Shule ya kweli hukupa barua na maelekezo ya kujiunga, hulipwa kwa akaunti ya shule, na hukupa risiti. Anayetaka pesa kwenye namba ya mtu binafsi, leo kabla ya saa kumi, ni mwizi. Mwambieni mzazi aende shuleni mwenyewe au apige simu ya ofisi. Na hata kama ungeupata mtihani wenyewe, fikiri ungeingiaje Januari. Shule zinazochuja sana mlangoni hupima sana ndani: majaribio ya kila mwezi, mtihani wa muhula, wastani unaobandikwa ukutani kila mtu ausome. Aliyeingia kwa majibu ya kununua hukutana na maswali yaleyale aliyoyakwepa, safari hii yuko mbali na nyumbani na hana wa kumnong'oneza. Njia ya mwongo ni fupi.

La tatu: msiidharau shule mtakayopangiwa. Wazazi wenu wengi hawawaelezi ilivyokuwa zamani. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha, shule za sekondari zilikuwa chache, na darasa zima la saba kijijini lingeweza kutoa mtoto mmoja, au lisitoe hata mmoja. Waliobaki, hata wenye akili nyingi, shule iliishia pale. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, ndipo shule za kata zikaenea nchi nzima. Na mwaka 2016 ada ikafutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Shule hizi zina upungufu, sikatai. Maabara nyingine hazina vifaa, walimu wa sayansi hawatoshi, na mwanafunzi anatembea mwendo mrefu kabla ya namba ya asubuhi. Lakini mlango wa bweni haujafungwa kwa kwenda huko. Shule nyingi za serikali za kidato cha tano na sita ni za bweni, na mwanafunzi wa kata akifaulu vizuri kidato cha nne hupangwa Mzumbe, Kibaha, Ilboru, Kilakala au Tabora pamoja na waliotoka shule za mamilioni. Una miaka minne mbele yako kabla ya mlango huo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

La nne: jiulizeni mnataka bweni kwa sababu gani. Kama ni kwa sababu nyumbani hakuna taa wala nafasi ya kusomea, au kwa sababu shule iko mbali na njia si salama, hasa kwa ninyi mabinti, hiyo ni sababu ya maana. Mwelezeni mzazi, mtafute zaidi ya shule moja, na ulizeni kuhusu usaili wa awamu ya pili, kwa maana shule nyingi huufanya. Kama ni kwa sababu marafiki wanakwenda na unaona aibu kubaki, ngoja kwanza. Bweni ni kengele kabla ya alfajiri, foleni ya maji na ndoo yako mkononi, ugali na maharage siku baada ya siku, na kujisomea usiku huku kichwa kinaangukia daftari. Lina faida zake kubwa, lakini halimsomei mtu. Aliyekuwa hajisomei nyumbani, bweni litamlazimisha kukaa mbele ya kitabu. Kukifungua na kukielewa ni juu yake.

Na ninyi mliopata 85 na 90, maneno yangu yanawahusu pia. Msimcheke mwenzenu. Mara nyingi tofauti yenu naye ni kwamba wewe ulisoma shule ya Kiingereza tangu awali na yeye hakusoma. Mkae pamoja jioni hizi mnazongoja Januari. Wewe umfundishe maneno, yeye akuoneshe njia zake za hesabu. Anayemfundisha mwenziwe hulielewa jambo mara mbili.

Wajukuu zangu, kati ya leo na Januari mna wiki za kutosha. Toeni karatasi chini ya godoro, mwiteni mzazi, mfungue daftari jipya, muanze na fungu la kwanza. Asiyejua wa kumwendea aende kwa mwalimu wake wa zamani, kwani wengi wetu tupo na tunapenda kuulizwa. Mwenyezi Mungu awape utulivu wa moyo, awape walimu wema kila mtakakopelekwa, na awalinde na njia za mkato.