Mwalimu Ugenini: Sikio Kwanza, Ulimi Baadaye

Masomo: Isaya 50:4, Luka 2:41-52



Tumshukuru Mungu aliyetujalia kuuona mwaka mpya. Januari imefika na kengele za shule zimelia tena. Watoto wa Maji ya Chai, Kikatiti na Usa River wamerudi madarasani, na walimu wao vilevile. Baadhi ya walimu hao si wenyeji wa hapa. Wako waliotoka mikoa ya mbali, na wako waliotoka ng'ambo, wametumwa na makanisa yao. Vijana wetu nao hutumwa kwenda kufundisha mahali ambapo hawajui njia ya bombani wala salamu ya asubuhi. Kwao wote, na kwetu sisi tunaowapokea na kuwatuma, tunaandika maneno haya machache. Sisi tuliostaafu hatuna tena daftari la mahudhurio, lakini sala tunazo, na neno moja tunalo. Neno lenyewe ni hili: aliyetumwa kufundisha ugenini na aanze mwaka kwa sikio, ulimi ufuate.

Tuko katika majira ya Epifania. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kiliweka Injili ya Jumapili ya kwanza baada ya Epifania iwe habari ya Bwana Yesu hekaluni, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Angalieni utaratibu wa Luka. Yeye aliye Hekima ya Mungu ameketi katikati ya walimu. Anasikiliza, kisha anauliza. Majibu yake yaliyowastaajabisha watu yanatajwa baadaye. Nabii Isaya naye anasema kwamba Mungu amempa ulimi wa kumtia nguvu mtu aliyechoka. Ni mwalimu gani asiyeutamani ulimi wa namna hiyo? Lakini papo hapo nabii anatueleza ulikotoka: Mungu huliamsha sikio lake, naye husikiliza kama mwanafunzi. Tena huliamsha kila asubuhi, wala si siku ya kwanza ya muhula tu.

Hebu tuchukue mfano wa hapa hapa nyumbani. Mto wetu una rangi ya chai, na ndio uliotupa jina. Maji ya upande huu wa Mlima Meru yana madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na maji yetu yamejulikana tangu zamani kuwa hupita kipimo hicho mara nyingi. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, meno yataota na madoa ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyatoa. Ndiyo maana pale Ngurdoto kipo kituo cha Serikali cha kutafuta njia za kuondoa floraidi, na mojawapo ya njia hizo ni kuyachuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa.

Sasa fikirini mwalimu mgeni, mwenye moyo mwema na bidii nyingi. Siku ya kwanza anaingia darasani, anaona meno ya watoto, naye anafungua mwaka kwa somo la usafi. Anamsimamisha mtoto mmoja mbele ya wenzake awe mfano wa asiyepiga mswaki. Somo la usafi ni zuri, lakini mwalimu hakuuliza. Tangu saa ile mtoto yule atafunika mdomo kwa kiganja. Aliyefunika mdomo hajibu swali, na asiyejibu swali huandikwa kuwa mzito wa kuelewa. Asubuhi moja ya ulimi usiotanguliwa na sikio yaweza kumpotezea mtoto mwaka mzima. Na kumbe mama yeyote pale bombani angalimweleza kwa dakika tano.

Wale waliotutangulia katika kazi hii walilijua jambo hili. Mwaka 1864 Edward Steere alifika Zanzibar pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Steere hakungoja watoto wajue Kiingereza ndipo afundishe. Aliketi na wenyeji wa mjini, akawauliza maneno, akasikiliza hadithi zao na kuziandika. Mwaka 1870 vikatoka kitabu chake cha kufundishia Kiswahili na kitabu cha hadithi alizosimuliwa. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, liliwekwa mwaka 1873. Basi sikio lilifanya kazi yake kabla ya ukuta kusimama.

Mwaka 1877 Bibi Caroline Thackeray akatoka Uingereza kuja Mbweni, Unguja, kusimamia shule ya wasichana waliookolewa utumwani. Wasichana wale walitoka makabila mbalimbali ya bara. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yao, wala hakikuwa lugha ya mama ya mwalimu wao. Wote walikuwa wageni, wakajifunza pamoja. Aliongoza shule ile hadi mwaka 1902, na hata alipostaafu hakurudi kwao, bali alikaa Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926. Baadhi ya wasichana wa Mbweni wakawa walimu wenyewe. Na katika wanafunzi wa kiume wa misheni hiyo alitoka Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, upande wa kusini, kuwahudumia Wayao, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa ukasisi. Mwalimu mgeni hupimwa kwa walimu anaowaacha nyuma yake.

Lakini liko somo jingine, nalo ni zito, kwa kuwa ardhi yetu yenyewe inalisimulia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri, si mbali na hapa, wakitaka kuanzisha kazi kwa Wameru. Askari wa Kijerumani walikuwa wamepiga kambi jirani. Wamisionari wale waliuawa usiku, kabla hawajafundisha hata somo moja. Kisha majeshi yakaja kulipiza kisasi. Watu wengi wakauawa na mifugo yao ikatekwa. Misheni ilirudi mwaka 1902, ikajenga Nkoaranga.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu marehemu. Walikuja na Injili, lakini masikioni mwa wenyeji habari zao zilifika pamoja na habari za bunduki. Watu wangewezaje kumtofautisha mwalimu na askari? Hapa ndipo tunapojifunza kwamba kusikia si kujua lugha tu. Anayekwenda kufundisha katika nchi ya wengine na aulize hivi: Kabla yangu alipita nani hapa, naye aliacha nini? Huenda mzee akamtazama kwa mashaka, na mashaka hayo yana historia yake. Huenda mzazi hataki mtoto wake alale bweni, naye anayo sababu aliyoachiwa na babu yake. Mwalimu asiyeisikia sababu hiyo ataona ukaidi tu.

Basi wewe uliyetumwa, mwezi huu wa kwanza jifunze majina ya watoto jinsi mama zao wanavyoyatamka. Jifunze salamu za wazee. Uliza wanakunywa maji gani, wanatembea mwendo gani kufika shuleni, wamekula nini asubuhi. Ndipo ufundishe kwa nguvu zako zote, maana hukutumwa kunyamaza.

Nasi wenyeji tunao wajibu wetu. Tunapenda kusema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mara nyingi mgeni anapokosea sisi hunyamaza kwa adabu mbele yake, kisha tunamcheka tukifika nyumbani. Adabu ya namna hiyo humwacha mgeni kiziwi. Atasikiaje, kama hakuna wa kumwambia? Mwalimu mgeni akimwaibisha mtoto pasipo kujua, mzazi na aende shuleni siku ile ile, amweleze kwa upole. Tumwonyeshe pia mahali pa kuchota maji yafaayo kunywa, tumwalike mezani, tumfundishe lugha bila kumdhihaki. Mtoto wetu aliye ugenini anahitaji watu wa namna hiyo huko aliko. Je, tutamwombea Mungu awape wengine moyo ambao sisi wenyewe tumeukataa?

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeketi kati ya walimu ukiwasikiliza na kuwauliza, wakumbuke walimu wote wanaoanza mwaka huu mbali na kwao. Waamshe masikio kila asubuhi, uwape neno la kumtia nguvu mtoto aliyechoka. Ponya yale yaliyoumizwa na waliowatangulia. Nasi utufundishe kuwapokea katika kweli na upole. Amina.